Kidawa Nguchiro na Unga wa Muhogo

Zamani, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kutandika vitanda kama sisi, nguchiro waliishi katika mji wa Mizambarauni. Wenye manyoya ya rangi ya mchanga walikaa Kilimani. Wenye manyoya meusi walikaa Bondeni. Walinzi wa mji walikuwa simba, na mkuu wao aliitwa Afande Ngurumo.

Bondeni aliishi Kidawa, nguchiro mweusi, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Mumewe, Sadala, alikuwa seremala.

Siku moja mchana Sadala alikuwa akirudi nyumbani kutoka Kilimani, alikokwenda kutengeneza mlango. Afande Ngurumo akamsimamisha njiani.

"Umeiba wapi msumeno huo?"

"Ni wangu, Afande. Mimi ni seremala."

"Seremala gani mwenye sura hiyo?"

Sadala hakupata nafasi ya kujibu. Rungu lilimshukia mguuni, pwaa, akaanguka. Walinzi wenzake wakamburura hadi mahabusu, na msumeno wakaondoka nao.

Kidawa alipopata habari hakulia. Aliwapitia majirani nyumba kwa nyumba, na asubuhi yake wakaenda sokoni nguchiro ishirini. Walikaa chini kwa safu, mikono magotini, wakasema neno moja tu: "Mfungueni Sadala. Hakuiba."

Walinzi walikuja mbio, wala hawakuuliza kitu. Vishindo vya rungu vilisikika soko zima, na katika purukushani hiyo simba wawili wakakanyaga vyungu vya Bi Kanga, mfinyanzi. Kach, kach, vyote vikawa vigae.

Jioni yake Kasuku, mpiga mbiu wa mji, alipita akitangaza: "Wahuni wa Bondeni wamevamia soko. Wamevunja vyungu. Wenye watoto, fungeni milango."

Kesho yake Kidawa alikutana na Bi Kanga njiani. Bi Kanga akawavuta vifaranga wake kando.

"Bi Kanga, mimi na wewe ni watu wa siku nyingi. Nawe ulikuwepo. Nani alivunja vyungu vyako?"

Bi Kanga akatazama chini. "Sikuona vizuri, mwenzangu. Lakini Kasuku ndivyo alivyosema."

Maneno hayo yalimuuma Kidawa kuliko rungu lililompata begani. Alirudi nyumbani, akakaa kizingitini akiwaza mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akawaita wenzake wale ishirini.

"Kesho tunarudi," akasema.

"Watatuua, dada," mmoja akasema.

"Hawatatujua. Twendeni kinuni."

Asubuhi wakajigaragaza katika unga wa muhogo, chaka chaka chaka, wakapakana masikio, mikia hata vidole, mpaka wote wakawa na rangi ya mchanga. Wakazunguka, wakashuka sokoni kwa njia ya Kilimani. Kidawa alikuwa amejitwika chungu chake kutoka nyumbani. Wakakaa palepale, kwa safu zilezile, mikono magotini.

"Mfungueni Sadala. Hakuiba."

Afande Ngurumo akaja, safari hii kwa mwendo wa pole. Akavua kofia.

"Karibuni, mabibi na mabwana. Jua ni kali, mbona mmekaa mavumbini?" Akawageukia walinzi wake. "Leteni mikeka. Leteni na maji."

Kasuku alikuwa juu ya paa la duka. Akatangaza: "Raia wema wa Kilimani wamekuja kwa amani kueleza kero yao."

Kidawa akasimama, akakiachia chungu chake kwa makusudi, mbele ya macho ya wote. Kach.

"Chungu kimeteleza," Kasuku akatangaza. "Bahati mbaya. Hakuna aliyeumia."

Watu walianza kujaa. Hata Jumbe Tembo, mkubwa wa mji, akatoka barazani kwake kuja kusikiliza. Aliona ni vyema neno la raia wema lisikilizwe.

Walinzi walipoleta ndoo ya maji, Kidawa hakunywa. Aliinua ndoo kwa mikono miwili, akajimwagia kichwani. Unga ukachuruzika, manyoya meusi yakatokeza.

Afande Ngurumo akainua rungu. Mkono ulikuwa umeshazoea.

"Afande," Kidawa akasema, "juzi nilikaa hapahapa, nikasema neno hilihili, ukanipiga. Leo umenipa mkeka. Nieleze, kipi kilichobadilika?"

Rungu likabaki juu, na watu wote wanalitazama.

Ndipo Bi Kanga akasogea mbele. "Vyungu vyangu vilivunjwa na walinzi. Niliona. Niliogopa kusema."

Jumbe Tembo akalaza masikio. "Na mimi niliisikia ile mbiu nikaiamini," akasema. "Weka rungu chini, Ngurumo. Kuanzia leo si lako tena. Mleteni seremala."

Sadala akatolewa, mguu umevimba, anachechemea. Kidawa akamwegemeza begani, lile bega zima, wakaondoka pamoja. Msumeno haukupatikana hata siku moja.

Kasuku aliamriwa apite mji mzima kusahihisha mbiu yake. Alipita, lakini kwa sauti ya chini, na nyumba nyingi za Kilimani hazikumsikia. Ikabidi Kidawa na Bi Kanga wapite wenyewe, mlango kwa mlango, wakisimulia yaliyotokea.

Nanyi, wanangu, mkimwona mtu amekaa chini analalamika, sikilizeni kwanza neno lake kabla ya kutazama rangi yake.