Kigelegele cha Nkwimba

Zamani hizo, mawe yalipokuwa bado hayajajifunza ugumu, nchi hii yote ilikuwa tope. Lililala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa pembeni mwa nyumba. Mwenye ugumu alikuwa Jabali peke yake, na kiburi chake hakikuwa na mfano. Kila kukicha alijisogeza, akalisukuma tope na kumeza mashamba ya watu.

Watu wakaanza kufungasha. Aliyekataa katakata ni Nkwimba, mfinyanzi, mwanamke asiyejua kunong'ona. Udongo ule ndio uliomlisha, na mama yake alizikwa humo. Angemwachia nani kaburi lile?

Mtemi Ngasa akamwendea. "Mama, twende. Tope halishindani na jabali."

"Tope bichi, Mtemi, halishindani," akajibu Nkwimba. "Hili linapikwa. Husikii joto miguuni?"

Na kweli lilikuwa linapikwa. Kadiri Jabali alivyosukuma, ndivyo nchi ilivyobanwa, ikajikunja, ikapata moto toka chini, na tope likageuka mwamba. Jabali akashangaa kuona kitu kinamsukuma na yeye. Kwa hasira akajitupa kwa nguvu zake zote. Ardhi ikapasuka kuanzia mlangoni kwa Nkwimba hadi kaburini kwa mama yake, na ndani ya ufa maji yakapanda yakitokota.

Watu wakakimbilia udongo ili wauzibe ufa. Nkwimba akawazuia, mikono ameitanua. Alijua kwamba kama amekosea, nchi ingegawanyika na Jabali angepita katikati.

"Acheni yachemke!" akapaza sauti. "Nani kwenu amewahi kupika chumvi akaziba chungu? Maji huenda zake, chumvi ikabaki!"

Wakaacha. Maji yakafuka, yakapoa, yakaacha yalichokibeba. Weupe ukaganda kwenye kingo za ufa, ukanenepa, hadi kingo zikashikana. Na ndani ya weupe ule kikametameta kitu cha manjano ambacho hakuna aliyekuwa na jina lake.

Jabali akaja tena. Mwamba haukutikisika. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Alisukuma mpaka akaishiwa pumzi, akaketi palepale pembeni, amenuna kama mkwe aliyenyimwa nyama. Nkwimba akapanda juu ya ufa uliopona, akapiga kigelegele kikasikika hadi kwa waliokwisha kuhama. Wakarudi na mizigo yao, wengine wakicheka, wengine wakilia kwa furaha.

Na tangu siku hiyo dhahabu haikai katika jiwe lisiloonja taabu. Itafute kwenye mwamba uliobanwa, ukakunjwa, ukapikwa, ukapasuka. Imelala katika mshipa mweupe, jirani na Jabali aliyenuna. Na wachimbaji wakiuona mshipa huo, hata wenye ndevu zao, huweka nyundo chini kwanza na kupiga kigelegele. Wanamwitikia Nkwimba.