Jina Moja kwa Watu Watatu

Nisikilizeni kwanza; ubishi mtaufanya nikimaliza.

Katika mji wa Tanga walikuwapo watu watatu wasiojuana. Riziki alikuwa dereva wa lori, na kipaji chake kilikuwa macho: aliona kitu barabarani kabla wenzake hawajapepesa. Shukuru alikuwa fundi baiskeli, na kipaji chake kilikuwa mikono. Furaha, mama muuza maziwa, kipaji chake kilikuwa miguu. Alisambaza maziwa kwa baiskeli, madumu mawili nyuma, na hakuwahi kumwaga hata kikombe.

Aliyewakutanisha ni Mwanahawa, nesi mkunga. Huyu barabarani alikuwa na kujiamini tu. Miaka sita alikwenda kazini kwa baiskeli, akipenya kati ya magari. Aliwahi kukwangua kioo cha teksi, akacheka. Aliwahi kutumbukia mtaroni, akainuka kiwiko kinavuja damu, akasema mtaro ndio uliokaa vibaya. Mumewe akimsihi apunguze mwendo, alijibu, "Si nimefika? Basi."

Asubuhi moja simu ililia akiwa anakunywa chai. Aliyepiga alikuwa mhudumu wa zahanati.

"Dada Mwanahawa, Nuru kashikwa na uchungu, na mtoto katanguliza miguu! Gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Niko peke yangu!"

Nuru alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Mwanahawa alilijua hilo. "Nakuja, dakika kumi," akasema. Kisha akamalizia chai yake, maana aliujua mwendo wake.

Kwenye makutano ya barabara alimkuta Furaha amesimama pembeni na maziwa yake.

"Dada, ngoja kwanza lile lori lipite," Furaha akamwambia.

"Ukingoja wewe, mimi nitakuwa nimeshafika," akajibu, akachomoka.

Bajaji ikakata kona mbele yake. Akabana breki, tairi likateleza kwenye mchanga, akaanguka katikati ya barabara. Alipoinua kichwa aliona bampa ya lori inakuja.

Riziki alikuwa amemwona tangu anachomoka. Kulia kulikuwa na bajaji yenye watu, kushoto ukuta. Akakata usukani kushoto. Lori likagonga ukuta, likakaa kingamo na kuziba barabara nzima, na machungwa aliyoyatoa Muheza yakamwagika hadi mtaroni. Akashuka mbio. "Mama, u mzima?" Machungwa hakuyatazama.

Mwanahawa alikuwa mzima, ila goti lilikuwa limevimba na gurudumu la mbele limekunjika. Akaanza kulia. "Kuna mama anajifungua. Kuna mama ananingoja!" Lakini nyuma ya lori hilo hakuna gari wala bodaboda iliyoweza kupita. Kilichoweza kupita ni baiskeli, ikiinuliwa juu ya mtaro.

Shukuru alikuwa na kijiwe chake hapo hapo. Aliligusa lile gurudumu, akatikisa kichwa. Halikuwa la kunyoosha. Basi akaigeuza baiskeli yake mwenyewe, ile ndefu ya kiume anayorudia nyumbani Pongwe kila jioni, ambayo Mwanahawa na gauni lake asingeweza kuipanda, akaling'oa gurudumu la mbele na kulifunga kwenye ya Mwanahawa. Akakaza nati ya mwisho. "Nenda," akasema.

Mwanahawa akakanyaga pedali, goti likakataa. Ndipo Furaha alipoiacha juani kando ya barabara baiskeli yake nzito ya vyuma, isiyoinulika juu ya mtaro, pamoja na madumu yake, maziwa ya asubuhi nzima. "Kaa nyuma, nishike kiunoni," akasema. Akaiendesha ile ya Mwanahawa. Kwenye kila njia panda alipunguza mwendo, na kila mara Mwanahawa nyuma yake alitaka kupiga kelele, "Pita, pita tu!" Lakini akaikumbuka bampa, akakaza mikono kiunoni mwa Furaha. Hawakusimamishwa wala kuanguka popote.

Walipoingia zahanati, miguu ya mtoto ilikuwa imeshatoka. Mwanahawa akanawa, akapiga goti moja, lile zima. Akamshika mtoto nyonga, akamwongoza taratibu mpaka kichwa kikatoka. Kisha mtoto akalia. Alikuwa msichana, na sauti yake ikasikika hadi nje.

"Nitampa jina lako," Nuru akasema, machozi yanamtiririka.

"Usinipe," Mwanahawa akamjibu. "Nilikaribia kumuua kabla sijafika." Akamweleza yote, hata chai hakuificha.

Siku ya saba Nuru akamwalika Mwanahawa pamoja na wale watatu, ili mtoto apewe jina la mmoja wao. Mumewe akasema kila jina kati ya majina yao matatu linamfaa binti yao, lakini mtoto atakuwa na somo mmoja tu, wa kuitwa kwa jina lake.

"Mimi nasema wazi," alisema Riziki. "Nisingekata usukani, tungekuwa tumekaa msibani leo."

"Na Mwanahawa angekaa pale barabarani mzima wa afya, ingemsaidia nini mzazi?" Furaha akauliza. "Nami naona Shukuru anastahili kuliko mimi. Siku zote hizi anarudi kwao kwa miguu."

Shukuru akatazama viganja vyake. "Baiskeli haijiendeshi," akasema.

Wakacheka, wakabishana, chai ikapoa. Mwishowe Nuru akachukua kadi ya mtoto na kalamu, akampa Mwanahawa. "Wewe ndiye uliyekuwa barabarani. Andika wewe."

Mwanahawa akaishika kalamu. Akamtazama aliyemwacha hai, akamtazama aliyempa gurudumu, akamtazama aliyembeba. Yeye ambaye hakuwahi kusita kwenye makutano yoyote, safari hii alisita, na mtoto mapajani mwa mama yake akapiga mwayo.

Haya, kalamu nawapa ninyi mlionisikiliza. Riziki, Shukuru, au Furaha: mngemwita nani, na wale wawili mngewaambia nini?