Tone la Kila Mgeni

"Mafuta makali hayapimwi kwa mapenzi." Mmemsikia Bi Time akisema hivyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Kaeni. Methali hii ilianzia nyumbani kwake, na mimi nilikuwemo.

Mize, mkaza mwanawe, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, Rukia. Siku ya kumi na nane mtoto akashikwa na mafua. Bi Time alifanya kazi kwenye mtambo wa kupikia makonyo, vile vikonyo vya karafuu, akaleta kichupa cha mafuta yake. Sisi wakubwa tukiumwa mgongo tulitia tone moja kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, na bado ngozi iliwaka. Yeye alitia tone tupu kwenye kitambaa, akakilaza kifuani pa mtoto.

"Mama, si makali?" Mize aliuliza.

"Mimi nimelea saba. Wewe umelea nani?"



Kwetu, aendaye kumtazama mzazi aliyejifungua haondoki bila kumpaka mtoto mafuta. Ukiondoka na mkono mkavu, utasemwa una kijicho. Siku zote ni mafuta ya nazi. Siku ile kilichokuwa kando ya kitanda ni kile kichupa, na kila aliyeingia alitia tone kitambaani.

"Langu hili," alisema Mwanakombo, jirani yetu. "Pona haraka, umkesheshe mama yako!"

Tukacheka. Nami nikatia langu.

Adhuhuri Rukia akaacha kulia.

"Kalala, maskini," akasema Mwanakombo.

Mize hakuitikia. Aliona mbavu za mtoto zikibonyea kila akivuta pumzi, na midomo inageuka rangi. Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa, ukarudi. Mama mkwe alikuwa akimtazama. Ukaenda tena. Akakivuta, akakitupa nje dirishani. Kifua kilikuwa chekundu kama kilichomwagiwa uji wa moto.

"Maji na sabuni! Na mnipishe!"

Hatukuwa tumewahi kumsikia akipaza sauti.

Hospitalini nesi aliuliza, "Mlitia matone mangapi?"

Tukatazamana. Kila mmoja alijua lake tu.

"Kwa mtoto mchanga hata moja ni mengi," akasema. "Yanaunguza ngozi, na harufu yake inambana pumzi."

Akaufunga mlango. Tulikaa kwenye benchi hadi alasiri, hakuna aliyethubutu kumtazama Mize machoni. Ndipo tukasikia kilio, chembamba, kikakatika, kikaanza tena. Bi Time alijifunika uso kwa kanga.

Mize na Rukia waliporudi nyumbani nilikwenda kuwatazama. Bi Time alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, hapiti mtu.

"Nipishe nimpake yale mafuta kidogo tu," nikasema. "Unajua ninavyompenda."

"Nami nilimpenda," alijibu, wala hakuikunja miguu. "Mafuta makali hayapimwi kwa mapenzi."