Kiti Kimoja cha Kushuka Kitonga

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya mwaka juzi mvua zilipochelewa, palikuwa na mtu mmoja mjini Iringa aliyefikisha miaka hamsini na mbili, akajitazama kwenye kioo, kisha akaenda kununua gari la viti viwili.

Mtu huyo alikuwa mimi. Nawaambia mapema ili msikae mkimsubiri shujaa.

Gari lilikuwa jekundu, la mbio, limetumika Japani na mtu ambaye bila shaka alikuwa mwembamba. Kuingia niliingia kwa makalio, kisha mguu mmoja, kisha nikapumzika, kisha mguu wa pili. Kutoka kulihitaji mtu wa kunivuta. Buti lake linatosha nusu gunia la vitunguu, na hiyo ndiyo kazi niliyomwambia mke wangu kwamba nimelinunulia: Jumamosi nitashuka mlima Kitonga, nitanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, nitapanda navyo.

Mke wangu Venosa, Mama Atukuzwe, alilizunguka gari mara moja.

"Baba Atukuzwe, viti viwili?"

"Viwili."

"Na humu ndani tuko sita."

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akarudi jikoni.

Sasa sikilizeni. Gari lile kwenda lilikuwa linakwenda. Kusimama ndiko kulikokuwa na majadiliano. Ukikanyaga breki usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa, gari linalia, kisha linasimama mahali lilipopenda lenyewe. Na Kitonga, kwa asiyeijua, ni kona juu ya kona, upande huu mwamba, upande ule hewa, na katikati malori.

Nikaenda Mlandege kwa Fundi Chengula. Akavua tairi, akapitisha ukucha kwenye diski ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ili gari lisimame.

"Katikati pameliwa, umebaki ukingo," akasema. "Hii unaweza kunywea supu. Pedi nazo zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Umetoka nayo wapi mpaka hapa?"

"Kihesa."

"Mshukuru Mungu, halafu urudi kwa miguu."

Hapo, mbele ya gereji nzima, nikasema neno ambalo mtu mwenye akili angelisemea moyoni. Nikasema: nitafunga breki mpya, nitashuka Kitonga peke yangu. Nikirudi mzima, yule aliyenirudisha mzima ndiye atakayekaa kiti cha pili Jumamosi itakayofuata, paa wazi, tukipita mjini kati, mpaka chini na kurudi.

Watu wakacheka. Hakuna aliyekitaka kiti kile. Fundi Chengula alisema ana watoto. Edina Mbilinyi, mwenye duka la spea pale Mashine Tatu, alisema ana kwaya. Mke wangu, nilipompelekea habari nyumbani, alisema ana maharage jikoni. Likumbukeni hilo: siku ile hakuna aliyekitaka.

Edina akaagiza diski ya kwanza. Ilikuwa imetobolewa matundu kwa mpangilio, kama shanga. Nikaipenda papo hapo. Fundi akaipima, akaikataa.

"Matundu haya ni ya uwanja wa mbio," alisema. "Kitonga breki inakaa motoni muda mrefu. Ufa unaanza tundu hili, unakwenda kulitembelea lile."

"Lakini ni nzuri, fundi."

"Hata jeneza la mninga ni zuri."

Edina akaagiza diski ya pili. Kubwa, ina mistari ya kukata upepo, au sijui mvua. Nikaipenda zaidi. Fundi akaipima, akaikataa.

"Haiingii ndani ya rimu yako."

"Tununue rimu kubwa."

"Halafu tairi kubwa, halafu bodi kubwa. Mwisho utakuwa na lori, na lori lina viti vitatu."

Safari ya tatu Edina hakuagiza kwa simu. Alichukua diski yangu kuukuu, akaifunga kwa kanga, akapanda basi mpaka Dar es Salaam ameipakata. Jirani yake wa kiti alimwuliza mtoto ana miezi mingapi. Kariakoo akaingia duka la kwanza, akaiweka mezani: "Kama hii, lakini nzima." Wakamwuliza, "Mama, aliyekutuma yuko wapi?" Akaingia duka la pili, akaiweka mezani. "Mama, aliyekutuma yuko wapi?" Duka la tatu hivyo hivyo. Duka la nne alikuta mzee aliyevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, asiyeuliza chochote. Mzee akailinganisha, akatoa diski kavu, nzito, haina tundu, haina mstari.

Pedi nazo kulikuwa na za kuchagua. Akaonyeshwa za mashindano, zinashika kama mamba.

"Zikiwa baridi je?" Edina akauliza.

Mzee akavua miwani mmoja. "Zikiwa baridi zinasubiri kwanza zipate moto."

"Huyu ninayempelekea," Edina akasema, "kona ya kwanza ndiyo itakayommaliza. Nipe zinazoshika asubuhi." Akanunua seti mbili badala ya moja. Ya pili akaiweka dukani kwake, hakumwambia mtu.

Fundi Chengula akaipima diski ya tatu. Akaipima tena. Hakusema neno, akachukua spana akaifunga. Kwa Fundi Chengula hiyo ni hotuba. Mimi sikuipenda. Ilikuwa kama kifuniko cha sufuria.

"Bado," fundi akaniambia. "Breki mpya hufundishwa. Tafuta barabara tambarare, ongeza mwendo, punguza, usisimame kabisa. Mara thelathini. Pedi na diski zizoeane."

Nikaenda njia ya Nduli, nikaongeza, nikapunguza. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo anatembea na mwavuli. Kila nikimkaribia napunguza, anajiandaa kupanda, naongeza, naondoka. Nageuza, narudi, napunguza. Mara ya tisa akafunga mwavuli akaushika kama rungu. Zile ishirini na moja zilizobaki nilizimalizia barabara nyingine.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nikasema gari haliwezi kushuka Kitonga lina vumbi, nikalipeleka kwa mwosha magari, Bwana Kikoti, mtu mwenye moyo. Akaliosha likang'aa. Akamaliza, akachukua bomba lake akapuliza dizeli chini kote, springi, ekseli, na breki, kama wanavyofanya ili chuma kisishike kutu na kiwe cheusi cha kupendeza.

"Huko chini nimekupulizia bure, mzee," akasema. "Kwa heshima ya gari."

Nikamshukuru. Mimi niliyezunguka nchi saba nikiuza pampu za maji, nikiwafundisha watu namna ya kutunza mashine, nilimshukuru.

Nikapita nyumbani kuaga. Venosa akatoka na kikombe cha chai, akasimama karibu na gurudumu, akanusa.

"Baba Atukuzwe, gari hili linakunywa nini?"

"Petroli."

"Mbona linanuka dizeli?"

Nikamwambia hiyo ni harufu ya usafi. Akaweka kikombe juu ya boneti, akachomoa ufunguo, akaingia ndani. Nilipojinasua kutoka kwenye kiti, ufunguo ulikuwa hauonekani.

"Uko wapi?"

"Sijui. Umepotea."

Nikamwambia ana wivu na gari.

"Miaka ishirini na sita ya kuolewa na wewe," akasema, "wivu niliumalizia kwenye mambo makubwa." Akampigia simu Fundi Chengula.

Fundi akaja na jeki yake, akavua tairi, akagusa pedi, akaonyesha kidole. Kilikuwa kinateleza.

"Zimekunywa," akasema. "Pedi ikinywa mafuta haitapiki. Diski nitaisafisha, lakini pedi hizi ni za kutupa. Ungekanyaga kona ya kwanza, zingekuchekea."

Nikaketi kwenye ngazi. Nikasema basi, ni Kariakoo tena. Edina alipopigiwa simu akacheka kwanza, akamaliza kucheka, ndipo akasema seti ya pili iko kwenye rafu, chini ya vichujio vya oili. "Niliinunua siku ileile, kaka. Nawajua wanaume wenye magari mekundu."

Fundi akafunga upya. Mimi nikafundisha upya, mara thelathini, barabara nyingine kabisa. Jumamosi iliyofuata ufunguo ukapatikana kwenye debe la unga, na mimi nikashuka.

Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili, salama. Kona ya tatu nikazunguka mwamba, na mbele yangu limesimama lori la mbao, limekufa katikati ya njia. Matawi ya kuonya yaliwekwa, ndiyo, lakini yaliwekwa hatua nne kutoka lori, kama mapambo. Kulia linapanda basi, kushoto hewa.

Nikakanyaga.

Gari likakaa chini. Usukani haukutetemeka. Likasimama hapo nilipotaka mimi, na kati ya pua yake na bamba la lori ungeweza kupitisha daftari, lile la kurasa chache. Dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye jiwe anatafuna muwa. Akatema makapi, akatazama pengo lile, akanitazama mimi.

"Una breki, mzee," akasema.

Nilifika chini, nikanunua vitunguu, nikarudi mzima.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, nikatoka nje nikakuta watu watatu wamesimama kando ya gari. Fundi Chengula amevaa suti yake ya harusi na amesugua mikono mpaka viwiko. Edina amevaa kitenge cha kwaya na miwani ya jua. Venosa ana mkoba, na kilemba kimefungwa cha kutoka.

Fundi akatangulia. "Diski nzuri ulizipenda wewe, nikazikataa mimi. Nati zote nimekaza mimi, mara mbili. Miaka thelathini na nne nayajua magari ya watu kwa upande wa tumbo, ndugu yangu. Hata siku moja sijaona barabara nikiwa upande wa juu wa gari kama hili."

"Fundi anafunga alicholetewa," Edina akasema. "Mimi nimeipakata diski usiku na mchana. Mimi nilikataa pedi za mamba. Seti ya pili nilinunua kabla hamjaiharibu ya kwanza. Miaka yote naulizwa aliyekutuma yuko wapi. Leo nataka nipite mbele ya watu nimekaa, sijapakata kitu."

"Si ndiye wewe uliyeleta ya matundu?"

"Nani aliyeipenda? Muulize huyo!"

Venosa alingoja wanyamaze. "Ninyi mlitengeneza breki, asanteni. Breki zenu Jumamosi ile zilikuwa zinateleza dizeli, na nyote wawili mlikuwa kwenu. Angetoka na gari lile, leo mngevaa nguo hizo hizo, lakini kwa kumzika."

"Lakini mama," Edina akasema kwa upole, "hukufunga hata nati moja."

"Sikufunga. Nilinusa."

"Na ulisema ufunguo umepotea."

"Nilidanganya," Venosa akasema. "Vizuri sana." Kisha akanigeukia mimi. "Umekwenda Lusaka. Umekwenda Lubumbashi. Umekwenda Bujumbura mara tano. Kila mara nakusindikiza, nafika getini, napunga mkono. Baba Atukuzwe, mimi mwisho wangu ni geti."

Fundi akakohoa. "Hilo, mama, kwa heshima, si la breki."

"Si la breki," Venosa akakubali. "Nimelitaja kwa kuwa nimesimama."

Hapo geti likafunguka, akaingia Bwana Kikoti amechana nywele, akasema bila dizeli yake akili za hawa watatu zisingejulikana, kwa hiyo na yeye ana neno. Tukampa chai. Alipomaliza tukamwonyesha geti.

Wakabaki watatu. Wote wakakitazama kiti. Wote wakanitazama mimi. Nilipoapa mbele ya gereji, niliapa kwa aliyenirudisha mzima, na sikuwaza kwamba mtu anaweza kurudishwa na watu watatu. Mmoja alikataa na kufunga. Mmoja alisafiri na kubashiri. Mmoja alinusa na kudanganya. Ukimtoa yeyote kati yao, vitunguu vile vingenunuliwa na mtu mwingine. Kuahirisha sikuweza, kuwapeleka kwa zamu wote walikataa, maana nilichoahidi ni ile Jumamosi ya kwanza, na Jumamosi ya kwanza haiji mara mbili.

Nikaingia garini kwa makalio, mguu mmoja, pumziko, mguu wa pili. Venosa akanipa ufunguo kupitia dirishani. Ulikuwa bado una unga kwenye meno yake. Nikawasha. Mkono wangu ukaenda kwenye kitasa cha mlango wa kushoto, ukakaa pale pale.

Haya, ninyi mliosikia yote na hamna tumbo lililobanwa na usukani kama langu: ningemfungulia nani?