Mwanakheri na Harufu ya Nyumbani

Hapo zamani za kale, enzi wadudu walipokuwa wakibishiana hodi, aliishi nyenje mdogo kuliko punje ya mchele, jina lake Mwanakheri. Msicheke! Hakuwa na mbawa wala hakujua kuimba. Hata nyenje wenzake hawakumtambua. Alikaa kwa sisimizi, chini ya jiwe, na wenyewe hawakuwa na habari, kwa maana sisimizi hujuana kwa harufu, naye alijipaka harufu yao kila siku.

Siku moja alitoka kupunga upepo, mvua ikamshika. Chwaa! Harufu yote ikaoshwa. Na kule ndani ameacha yai lake, moja tu, linakaribia kuanguliwa. Mtoto akitoka bila mama wa kumpaka harufu, sisimizi watamtafuna! Akarudi mbio.

Mlangoni alisimama askari, Bwana Domo, meno kama koleo.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mwenyeji."

Bwana Domo akanyoosha vipapasio, akanusa. "Mwenyeji gani ananuka mvua? Sogea nikukate vipande!"

Mwanakheri alitetemeka miguu yote sita, ila ulimi haukutetemeka.

"Nikate tu, kaka. Lakini na uso huo? Umejaa tope! Malkia akikuona hivyo je?"

"Tope? Wapi?"

"Hapo. Na hapo. Na shingoni, loo! Inama nikufute."

Bwana Domo alipenda sana kuonekana nadhifu. Akainama. Mwanakheri akamfuta kichwa, akamsugua mgongo, akamlamba mashavu, fyu fyu fyu, na kila alipomfuta, alijipaka.

"Ahaa, hapo hapo... Haya, umemaliza? Njoo nikukate."

"Ninuse kwanza, kaka. Usije ukaua ndugu yako."

Akanusa. Akanusa tena. "Lahaula! Mbona unanuka kama mimi mwenyewe?"

"Ulitaka ninuke kama nani? Si nyumba yetu ni moja!"

"Nisamehe, dada'ngu! Pita, umelowa. Umekula?"

"Bado."

Akamlisha mdomo kwa mdomo, kisha akampisha.

Mwanakheri alikimbia vichochoro vyote hadi chumba cha mwisho. Yai lilikuwa linatikisika. Pwa! Kikatoka kinyenje cheupe, hakina mbawa, kinanuka ugeni mtupu. Mama akalia kwa furaha, akakikumbatia, akakisugua harufu kichwa hadi miguu.

Basi, wanangu, ukitaka kumjua mtu, usiishie kumnusa.