Lango la Weidenhall Lilipofungwa kwa Nje

“Na Ursel ataandamana nasi?”

Msichana mmoja aliuliza hivyo mbele ya baraza zima la mji, na baraza zima likaanza kukohoa. Basi kaeni, wajukuu zangu. Mwenye kutafuna ameze, mwenye kusinzia aamke. Zamani inapita mlangoni, nani ataishika mkono?

Nyinyi? Haya, msiiachie.

Zamani hizo, kabla Ujerumani haijawa nchi moja, kila mji ulikuwa na ukuta wake, na kila ukuta ulikuwa na kiburi chake. Weidenhall yetu hii ilikuwa ndogo, lakini kwa kiburi haikuwa ndogo. Siku moja ya vita, wazee wakiwa mashambani wanavuna, watoto waliona askari wanakuja, wakalifunga lango wenyewe, mji ukapona. Ndipo ikazaliwa Sikukuu ya Watoto, na mila yake ni hii: asubuhi ya sikukuu mtoto mmoja anakabidhiwa ufunguo, anafunga lango, na mpaka jua lizame mkono wa mtu mzima hauugusi ufunguo huo.

Nani anaandamana? Watoto wa ndani ya ukuta. Nani anakula cheri na mikate ya kusokotwa? Watoto wa ndani ya ukuta. Na wa nje? Wa nje walisikiliza ngoma, masikio wameyabandika kwenye mbao za lango.

Huko nje, kando ya mto, waliishi wafua nguo, na Ursel alikuwa mtoto wa mfua nguo. Magauni meupe ya maandamano, nani aliyafua? Ursel na mama yake. Nani aliyaanika majanini yakawa meupe pe? Ursel na mama yake. Halafu nani hakuvaa hata moja? Msinijibu, mnajua.

Mwaka huo ufunguo ulimwangukia Apollonia, binti wa mwoka mikate, rafiki wa Ursel. Ndiye aliyeliuliza lile swali. Ulikuwa mwaka wao wa mwisho, kwani mtoto akitimiza miaka kumi na miwili haandamani tena. Ursel akikosa safari hiyo, ndiyo amekosa maisha yake yote.

Asubuhi ikafika. Watu wazima wako uwanjani na soseji zao. Apollonia akawaongoza wenzake mpaka langoni, kama kawaida. Kisha, si kama kawaida, akatoka. Wakamfuata wote, magauni meupe, fimbo za maua, hata wadogo waliobebwa mgongoni na dada zao. Akalifunga lango. Kwa nje.

Mnacheka? Uwanjani hawakucheka.

Mzee Gumprecht, meya wa mji, alikuja mbio kaishika kofia.

“Apollonia, mwanangu, umekosea upande.”

“Mila inasema mtoto afunge, mheshimiwa. Haikusema asimame wapi.”

“Fungua.”

“Ursel ataandamana?”

“Huyo si wa mji huu.”

“Mji ni nini, mheshimiwa? Kama mji ni watoto, sote tuko huku. Kama mji ni ukuta, basi sherehekeeni na ukuta.”

Mhunzi akasema kufuli hilo yeye analivunja kwa pigo moja. Mkewe akamtazama. “Livunje. Ivunje mila ya babu zako, halafu uone leo nani atakupakulia.” Mhunzi akaiweka nyundo chini taratibu, kama mtu aliyeiokota njiani.

“Babu,” sauti ndogo ikaita kutoka nje. Alikuwa mjukuu wa meya.

“Nipo, mpenzi wangu. Una njaa? Mwambie dada afungue, uje ule.”

“Sina. Mama yake Ursel katupikia uji. Mtamu kuliko wa kwenu.”

Nyuma ya meya soseji zinapoa, na wapiga zumari wanatazamana: wampigie nani? Akausogeza mdomo karibu na mbao, akauliza chinichini, “Huyo binti anaitwa nani kwa ukamilifu?”

“Muulize mwenyewe, yupo hapa,” Apollonia akasema.

“Ursel Bleicher, mheshimiwa,” Ursel akasema. “Hiyo kola uliyovaa, niliitia wanga mimi.”

Meya akaigusa kola.

“Basi, Ursel Bleicher, ingia na wenzako. Wa mtoni wote.”

Apollonia akampa Ursel ufunguo. Mikono ya Ursel ilikuwa imepasuka kwa magadi ya kufulia, lakini lango lilimtii. Wakaingia wamechanganyika, gauni jeupe kando ya gauni la viraka. Msidhani wote walifurahi. Mke wa diwani mmoja alimtoa binti yake mstarini, akamfungia nyumbani. Binti akapita mlango wa nyuma, akaukuta mstari kwenye kona ya pili.

Sasa shikeni hili. Mila iliyoanzishwa na watoto jasiri haifai kulindwa na wazee waoga. Atakayewaambia, “Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote,” muulizeni, siku zote za nani?

Kisa changu kimefika kwao, kimevua viatu, kinaomba maji. Nami nina ombi. Kesho ndiyo Sikukuu ya Watoto; kabla ngoma haijalia, nendeni kwenye yale majumba mapya nyuma ya kituo cha treni, walikohamia wageni. Pigeni hodi, mje na watoto wao.