Mwiko Uliosahaulika

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba, na funguo wakizificha chini ya mkeka wa mlangoni, kila mmoja akijua za jirani na akijifanya hajui. Wewe hapo nyuma, acha kumvuta mwenzio sikio. Sikiliza.

Mwaka mmoja kisima chao kilikauka kau! Wakubwa wakakubaliana wakapige kambi mlimani, penye chemchemi, mpaka mvua inyeshe. Mzee Tembo akatangaza, "Kila mtu na mzigo wake. Asiye na mzigo hanywi maji ya kambi."

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, Chiku. Siku hiyo Chiku alikuwa amelala tu, midomo imempasuka kwa kiu. Mama mtu akakimbia kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nafunga mizigo."

"Na sisi tunakuja."

"Utabeba nini wewe? Miguu yenyewe vijiti vya kuchokolea meno!"

Kifaru akacheka, ho ho ho! Nyati naye akacheka mpaka akakaa chini. Digidigi hakucheka. Ilimuuma, wanangu, ilimuuma sana. Akabaki pale akiwatazama wakifunga mizigo, na katika kutazama akaona jambo: kila mmoja alipakia kile tu cha kumwonyesha kuwa ana nguvu.

"Haya, basi niwasaidie kukumbuka," akasema kwa sauti ya upole. "Mzee Tembo, sufuria kubwa umeweka?"

"Imo!"

"Gunia la unga?"

"Limo!"

"Bwana Kifaru, hema?"

"Hili hapa mgongoni. Huoni?"

"Mama Nyati, kuni?"

"Mzigo mzima!"

"Ehe! Mmekamilika," akasema Digidigi. Wote wakajiona wamekamilika kweli.

Wakaondoka, gudu! gudu! gudu! Sasa, wanyama wale walikuwa na mwiko mmoja: ukishaanza safari, usirudi nyuma kuchukua kitu, utaleta nuksi. Digidigi aliujua vizuri mwiko huo. Vumbi lilipotulia akaingia jikoni kwake, akapitia barazani kwa Kifaru, akafunga kifurushi ndani ya kanga, akambeba Chiku mgongoni na kufuata nyayo zao.

Kule mlimani, hema likakunjuliwa. Upepo ukaja, vuuu! Hema likamfunika Nyati gubigubi.

"Vigingi viko wapi?" Tembo akafoka.

Kifaru akajikuna. "Viko... barazani kwangu."

"Lo! Basi kanyaga wewe!"

Kifaru mzima akageuka kigingi. Kakanyaga ncha moja ya hema, ncha nyingine inapepea. Nyati akapanga mafiga, akapanga kuni.

"Washa," akasema Tembo.

"Kwa nini?"

"Kwa kiberiti, kwani kwa nini tena?"

"Kiberiti si unacho wewe?"

"Mimi? Mimi nimebeba gunia!"

Tembo akajaribu kutafuna unga mkavu, ukampalia, kho! kho! kho!

"Hodi," ikasema sauti ndogo.

Alikuwa Digidigi, na Chiku mgongoni, kichwa kimemlegea. "Nina kiberiti. Nina vigingi vya Bwana Kifaru. Na mwiko pia."

"Mwiko tunao," akasema Tembo kwa majivuno. "Hakuna aliyerudi nyuma hapa."

"Mwiko wa kusongea ugali, Mzee."

Tembo akachungulia ndani ya sufuria yake. Mwiko mmoja walikuwa wamekuja nao, mwingine wameuacha jikoni.

"Lete!" wakasema wote.

"Mwanangu anywe kwanza."

Tembo akamtazama yule mtoto, na safari hii alimtazama kweli. Akaenda mwenyewe kuteka, akamshikia kata. Chiku akanywa, glu! glu! glu! Digidigi akafungua kanga yake huku machozi yakimtoka.

Walipokwisha kula, Tembo akasema, "Digidigi, nimekuwa nikifikiri. Ulituuliza sufuria, gunia, hema, kuni. Mbona hukuuliza kiberiti?"

Digidigi angeweza kusema naye alisahau. "Ningeuliza, mngenishukuru, mngekwenda zenu, na mwanangu angekufa. Nimewafanyia hila, Mzee, sikatai. Lakini kuna kimoja mlichosahau ambacho mimi sikuwasahaulisha."

"Kipi tena?"

Digidigi akamwonyesha Chiku, aliyekuwa amelala kwenye mguu wa Kifaru. Vigingi vilikwisha pigwa, ila Kifaru alikuwa bado amekanyaga hema palepale, anaogopa kumwamsha mtoto.

"Kweli," akasema Kifaru polepole. "Nilimcheka mama yake."

Tembo akashusha masikio yake makubwa. Lakini tangu siku hiyo, kila walipofunga safari, hakuuliza tena wamesahau nini. Aliuliza wamemsahau nani.

Nami nimefika kambini, wanangu, natua mzigo wangu hapa: kabla hujakagua ulichobeba, tazama umemwacha nani.